Makosa ya Mashine na Makosa ya Mwanafunzi

Mwaka 2024, katika majuma ya mazoezi ya kufundisha, mwanachuo wetu mmoja alitujia ofisini akiwa ameikumbatia kompyuta ya mkononi kama mtu abebaye mtoto mgonjwa. Alikuwa ametoa zoezi la hisabati la maswali kumi katika Darasa la Nne, amekwisha kusahihisha madaftari yote, kisha akaketi kuziingiza alama katika programu ya majedwali kama alivyoagizwa na mwalimu wa taaluma wa shule aliyopangiwa. Mtoto aliyepata saba kati ya kumi alimwandikia 7/10. Mashine ikaandika tarehe 7 Oktoba. Aliyepata 3/10 akapewa tarehe 3 Oktoba. Alipofika mwisho wa orodha, darasa zima lilikuwa limezaliwa katika mwezi mmoja, tena katika siku kumi za mwanzo. Alipotafuta wastani, alipewa tarehe nyingine. Alipoilazimisha sehemu ile ionyeshe tarakimu, alipata elfu arobaini na tano na ushei. Hatujapata kusikia darasa lililofaulu kiasi hicho katika zoezi la maswali kumi.

Sisi tulicheka. Yeye hakucheka. Alisema maneno ambayo ndiyo yaliyotusukuma kuandika makala haya: "Mkufunzi, nisamehe, mimi kompyuta siijui."

Tulijiuliza aliomba msamaha kwa kosa gani. Aliandika alama kama kila mwalimu aandikavyo tangu ubao na chaki vilipoingia nchini. Mashine ndiyo iliyokisia. Haikuuliza, wala haikusema kwamba imekisia. Hata hivyo aliyeinamisha kichwa ni binadamu, na aliyebaki na uso mkavu ni mashine. Ndugu wanachuo, uhusiano wa namna hiyo mnaujua. Mliukuta mlipokuwa watoto, mkiwa mmesimama mbele ya meza ya mwalimu na daftari mkononi.

Yafaa kwanza tueleze kwa ufupi lililotokea, maana mwalimu atakayekutana nalo pasipo kulielewa ataona ni uchawi. Programu za majedwali hutumiwa sana na watu wa hesabu za fedha, nao huandika tarehe kila mara. Kwa hiyo, zionapo namba mbili zilizotengwa kwa mkwaju, nazo zaweza kuwa siku na mwezi, hukata shauri kwamba hiyo ni tarehe. Aliyepata 15/20 husalimika, kwa kuwa hakuna mwezi wa ishirini. Tena tarehe yenyewe huhifadhiwa kwa idadi ya siku tangu mwanzo wa mwaka 1900, na ndiyo asili ya ile elfu arobaini na tano. (Programu ya Excel huhesabu pia tarehe 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwapo kabisa, maana mwaka 1900 haukuwa mwaka mrefu. Kosa hilo liliachwa kwa makusudi ili programu hiyo ilingane na ile iliyoitangulia, Lotus 1-2-3, na lipo hadi leo. Mtoto wa Darasa la Saba angepata X.)

Ubaya zaidi ni kwamba 7/10 ya asili haipo tena. Ukiigeuza sehemu hiyo kuwa ya maandishi baada ya kosa kutendeka, huipati alama ya mtoto. Wapata idadi ya siku. Dawa yake ni kuiamuru safu nzima iwe ya maandishi kabla ya kuandika chochote, au kutanguliza ritifaa mbele ya kila alama, au, lililo bora kuliko yote, kuandika 7 peke yake na kuiweka 10 kichwani mwa safu. Namba za watahiniwa nazo zahitaji tahadhari hiyo hiyo, kwani 0007 hugeuzwa kuwa 7 pasipo taarifa, na namba ya simu ya mzazi hupoteza sifuri yake ya mwanzo. Siku mtoto augua shuleni, sifuri hiyo hutafutwa na watu watatu.

Wako wasemao kwamba matatizo ya namna hii ni ya watu wa shamba waliokutana na mashine juzi. La hasha. Wataalamu wa elimu ya viumbe wanazo jeni ambazo majina yake mafupi yalikuwa MARCH1 na SEPT2. Excel ikazisoma kuwa tarehe 1 Machi na tarehe 2 Septemba. Mwaka 2016 watafiti walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba, miongoni mwa makala za kisayansi zilizoambatanishwa na orodha za jeni katika majedwali ya Excel, kiasi cha moja katika kila tano zilikuwa na majina yaliyoharibika hivyo. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitoa mwongozo mpya: MARCH1 iitwe MARCHF1, na SEPT2 iitwe SEPTIN2. Yaani wataalamu wa dunia waliona ni rahisi kuzibatiza upya jeni zilizomo ndani ya miili yetu kuliko kungoja programu irekebishwe. Ilipofika mwaka 2023 ndipo watengenezaji walipoweka njia ya kuizuia isigeuze mambo yenyewe. Mwanachuo wetu alipoyasikia hayo, ndipo alipocheka kidogo.

Donald Norman, mwanasaikolojia wa Marekani, alitoa mwaka 1988 kitabu kuhusu saikolojia ya vitu vya kila siku. Humo aliwatazama watu wanaovuta milango ya kusukumwa, wanaobonyeza swichi isiyo yake, wanaoshindwa na simu za ofisini. Akaona kwamba aghalabu watu hao hujilaumu wenyewe, ilhali aliyestahili lawama ni aliyekisanifu kile kitu. Mtu akishindwa mara chache, huamini kwamba hawezi, akaacha kujaribu. Hapo si kwamba mtu hana akili, amefundishwa kutojiweza. Sisi tunaliona jambo hili kuwa la mwalimu kuliko la fundi wa milango. Ni watoto wangapi wa Darasa la Tano husema "mimi hesabu siziwezi" kwa sauti ile ile aliyoitumia mwanachuo wetu?

Tazameni jinsi mashine zinavyosahihisha. Katika mfumo wa zamani wa kompyuta ulioitwa MS-DOS, jambo likikwama, mtumiaji aliletewa chaguo tatu: aache, ajaribu tena, au akubali kushindwa. Kilichokwama kilitajwa kwa mkato tu, na cha kufanya hakuelezwa. Ukijaribu tena, ulirudi pale pale. Leo maneno ni laini zaidi. Mashine husema kuna jambo limekwenda kombo, kama mwanasiasa, ikanyamaza. Sasa chukueni daftari la mtoto yeyote katika shule mtakayopangiwa. Mtakuta X, X, X, na chini kwa wino mwekundu: "Rudia! Ongeza bidii." Kosa limetajwa, mahali pake hapajulikani, njia ya kutoka haipo. Mtoto aliyetoa 38 katika 52 akapata 26 hakukosa bidii. Alitoa namba ndogo katika kubwa kila safu, mbili katika nane na tatu katika tano, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha kukopa akaelewa. Mstari mmoja pembeni ya jibu lake, ukisema "tazama mamoja: tunatoa nane katika mbili", una thamani kuliko X kumi. Twajua madarasa yana watoto wengi na saa ni chache. Hata hivyo X nayo huchukua wakati, na ikirudiwa kesho na keshokutwa huchukua mwingi zaidi.

Wapo pia walimu wa namna nyingine, nao mashine imepata kuwaiga. Katika programu za ofisi za Microsoft za mwaka 1997 palikuwa na kibanio cha karatasi chenye macho, ambacho watu walikipa jina la Clippy. Ukianza tu kuandika barua, kilichomoza pembeni kuuliza kama wataka msaada wa kuandika barua. Ukikikataa, kesho kilirudi na swali lile lile, kwa macho yale yale ya kurembua. Watu walikichukia mno, hata mwaka 2001 kikazimwa tangu kiwandani, na katika toleo la mwaka 2007 hakikuwapo tena. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Mwalimu anayezunguka darasani na kumdakiza kila mtoto kabla hajamaliza kufikiri, naye ana nia njema.

Habari ya maneno ya siri tutaipita upesi, maana kila mtu ana yake. Mwongozo maarufu wa Marekani wa mwaka 2003 ulitaka herufi kubwa, tarakimu, vialama, na kubadili neno mara kwa mara. Mwaka 2017 mwandishi wake, Bill Burr, akakiri hadharani kwamba anayajutia mengi ya hayo, na mwongozo ukabadilishwa. Hata hivyo ziko ofisi zinazoyadai mpaka leo, na neno la siri limebandikwa kwenye ukuta juu ya kompyuta.

Lililo zito kwetu ni lugha. Programu nyingi za kuandikia hupiga mstari mwekundu wenye mawimbi chini ya kila neno zisilolijua. Mwalimu akiandika kwa Kiswahili katika mashine iliyowekewa Kiingereza, ukurasa mzima hugeuka damu. Mtoto akiuona, huona nini? Tangu siku yake ya kwanza shuleni amefunzwa kwamba wino mwekundu ni kosa. Sasa aona lugha ya nyumbani kwao na ya darasani kwake imekosewa yote, kuanzia jina la mama yake. Jitihada zimefanywa: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizozungumza Kiswahili, na leo simu nyingi zaweza kugeuzwa lugha. Basi zigeuzeni. Ni kazi ya dakika chache, na tumeshangaa kuona wanachuo wengi, na wakufunzi pia, hawajaifanya.

Tunasema hivyo kwa sababu sisi wenyewe hatukuifanya. Miaka michache iliyopita tulitunga kwa simu kifungu kifupi cha ufahamu cha Darasa la Tatu, habari za msichana aliyekwenda sokoni kununua samaki. Simu ilikuwa katika Kiingereza. Tulikuwa na haraka, kazi ikapigwa chapa, ikagawiwa. Kifungu kilianza hivi: "Data yangu amekwenda sokoni." Simu ilikuwa imelikataa neno dada, ikatia lake. Swali la kwanza lilikuwa: Nani amekwenda sokoni?

Msichana mmoja alinyosha mkono. Alisema, "Mwalimu, hapa wameandika Data." Hatukwenda kutazama. Tulimwambia mbele ya wenzake asome vizuri, aache mchezo. Akaketi.

Usiku ule tulipokuwa tukisahihisha, jibu la kwanza la "Data" tulilipiga X. La pili vilevile. Tulipofika kwenye karatasi ya yule msichana, ambaye aliandika "Data" kwa mwandiko mzuri uliokolezwa, ndipo tulipochukua kile kifungu na kukisoma wenyewe. Tulirudi katika karatasi zote tangu ya kwanza. Katika kadhaa, karatasi ilikuwa imechakaa kwenye jibu la kwanza, nyingine imetoboka. Watoto walikuwa wameandika "Data", wakafuta kwa ufutio au kwa mate, wakaandika juu yake "Dada".

Siku ya pili tulisimama darasani, tukasema kwamba tumekosea, tukamrudishia yule msichana alama yake. Wale waliofuta tuliwauliza mmoja mmoja kwa nini walifuta. Watatu walinyamaza. Wa nne alisema: "Nilisikia ulivyomwambia."