Mtoto wa maternele na sahani yake: nani amfundishe kula?

Kila mwezi wa tisa, masomo yakifunguliwa, walimu wa maternele wanapokea watoto wa miaka 3 ambao hawajazoea kujilisha. Saa ya kula ikifika, mtoto anakaa mbele ya chakula yake, anangojea mtu. Mwalimu mmoja hawezi kulisha darasa zima. Mtoto anarudi nyumbani na njaa, mzazi naye anasema shule ni mbaya.

Kosa si ya mwalimu peke yake, na si uvivu ya mama. Unga ukiwa bei kali, hakuna mama anayependa kuona tonge linaanguka chini. Anaona afadhali amlishe mwenyewe, haraka, bila kupoteza kitu. Tena watoto wakikula kwa sahani moja, wakubwa wanamaliza mbele ya mudogo kushika tonge ya pili. Na jamaa zilizokimbia vita mara mingi ziliacha hata vikombe na vijiko.

Upande wa shule, masomo ya bure yaliyoanza mwaka 2019 yanahusu shule za msingi za serkali. Maternele haimo. Shule ikitaka kuongeza mama wa kusaidia saa ya kula, ni mzazi atalipa. Ndiyo maana mzigo unarudi nyumbani.

Kuna pia jambo la afya. Kolera haijaisha huku kwetu, na mtoto anayekula kwa mkono bila kunawa yuko hatarini. Kwa hiyo somo la kwanza si kijiko, ni maji na sabuni: mbele ya kula na kisha kutoka choo, kila siku, mpaka afanye bila kuambiwa.

Mengine yanakuja polepole. Kwenye miezi 9 au 10, mtoto anaanza kuokota kitu kidogo kwa kidole gumba na cha pili. Akifikia mwaka mmoja, mpe kijiko, hata akikosa mdomo. Kisha mpe kikombe chenye maji kidogo tu. Kwenye miaka 2, mtengee sahani yake, afinyange ugali na kuchovya sombe mwenyewe. Akikaribia miaka 3, apukuchue mahindi pamoja na wewe, afungue na kufunga kifuniko cha chombo atakachobeba shuleni. Vidole hivyo ndivyo vitakavyoshika kalamu kesho. Ila usimwache peke yake na punje za mahindi ao maharagi, na karanga nzima usimpe: zinaweza kumkaba koo.

Wazazi, mbele ya kulipa, muulize shule mambo tatu: maji ya kunawa iko? Sabuni iko? Watoto wanapewa dakika ngapi za kula? Mtoto anayejifunza anakula polepole. Akiharakishwa, atangojea tena kulishwa.