KONA YA MWALIMU: Wakikosea wote wawili, refa anaamua vipi?

Mwezi huu naacha kidogo mambo ya masomo ya jioni, maana mama mmoja wa hapa kambini amenijia na swali. Nimeona jibu lake litafaa familia nyingi zenye watoto waliohamia Marekani.

Kijana wake, niliyemfundisha darasa la tano, sasa anasoma sekondari huko na anacheza futiboli ya Kimarekani. Siyo soka yetu hii. Mpira wao una umbo kama yai, unashikwa kwa mikono, na kila upande una wachezaji 11 wenye helmeti. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10, yaani kama mita 9. Ikifaulu inapewa mengine manne. Ukiufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, mnapata pointi 6.

Basi kijana akatuma ujumbe: amekimbia na mpira hadi mwisho, watu wameshangilia, halafu refa akafuta pointi zote. Na njiani mpinzani alikuwa amemvuta kwa kile chuma cha mbele ya helmeti! Mama aliumia sana. Akaniambia, "Mwalimu, wanamwonea mwanangu kwa sababu ni mkimbizi."

Sikumbishia. Kuonewa kupo, na sisi tunakujua. Lakini Jumapili tulipompata kwenye simu nilimwuliza kwanza: "Vitambaa vya njano vilianguka vingapi?" Akanyamaza kidogo. "Viwili, Mwalimu."

Hapo ndipo penye jibu. Huko mwamuzi akiona kosa wakati mpira unachezwa, kwa kawaida hasimamishi mchezo. Anatupa kitambaa chini, watu wanaendelea mpaka jaribio liishe. Halafu waamuzi wanakutana, kila mmoja anaeleza alichoona, na refa mkuu mwenye kofia nyeupe anatangaza. Mtindo huu ulianza mwaka 1941 katika chuo cha Youngstown, jimbo la Ohio. Kocha Dwight Beede alichoshwa na kelele za honi na filimbi, mke wake akashona vitambaa vya kwanza.

Kitambaa kimoja kilikuwa cha yule aliyevuta chuma, adhabu yake yadi 15. Cha pili kilikuwa cha mwenzake kijana, aliyemshika mlinzi ili kijana apite. Adhabu yake yadi 10.

Mama akaniuliza, "Sasa 15 kutoa 10 si 5? Kwa nini wasipewe hizo 5?" Swali zuri, lakini refa hatoi hesabu hiyo. Kwa sheria za shule za sekondari, timu zote mbili zikikosea ndani ya jaribio moja, mpira ukiwa bado uko mchezoni, kwa kawaida adhabu zinafutana na jaribio linarudiwa kutoka pale pale lilipoanzia. Haijalishi nani alianza wala kosa la nani ni zito zaidi. Ligi ya kulipwa, NFL, inatofautiana kidogo: kosa dogo la yadi 5 likikutana na la yadi 15, mara nyingi lile dogo linaachwa na kubwa linaadhibiwa.

Sasa angalieni vizuri. Kama wapinzani tu ndio wangekosea, timu ya kijana ingebaki na pointi zake. Kama mwenzake tu ndiye angekosea, pointi zingefutwa na wangerudishwa nyuma yadi 10. Kumbe kilichofuta pointi ni kule kushika kwa mwenzake. Kosa la wapinzani ndilo lililowaokoa wasirudishwe nyuma!

Kijana akacheka, halafu akasema jambo ambalo hakuliandika kwenye ujumbe. Baada ya filimbi, yeye na yule mpinzani walitukanana, na vitambaa vikaanguka tena kwa wote wawili. Hapo sheria ni nyingine. Kosa la baada ya filimbi halifuti jaribio lililokwisha. Adhabu zilikuwa 15 kwa 15, zikafutana. Lakini tusi halikufutika: kila mmoja ameandikiwa kosa moja la utovu wa nidhamu, na akirudia katika mechi hiyo hiyo anatolewa nje.

Nilikumbuka darasani kwangu. Wawili wakipigana, mara nyingi namwona yule anayerudisha, na ndiye ninayemwadhibu. Wa kwanza ananiponyoka. Siku hizi nauliza kwanza nani mwingine ameona, kama wale waamuzi wanavyokutana kabla ya kutangaza.

Mama alichukua simu, hakuzungumzia tena pointi. Alisema tu, "Mwanangu, akikutukana nyamaza, ili kitambaa kianguke upande wake peke yake." Mimi sikuwa na la kuongeza.

Wazazi, mtoto akiwaletea malalamiko kutoka mbali, msimpuuze, na msikasirike kabla ya kuuliza vitambaa vilikuwa vingapi. Tuonane mwezi ujao.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea.