Programu ya kodi na gitaa la mzee

Jamani, leo nazungumzia kodi... za gitaa, si za nyumba! Nilitengeneza programu ya kodi, nikamwonyesha mzee mmoja mpiga gitaa hapa Thika. Akacheka: "Kijana wangu, hilo si gitaa langu." Lake limefungwa kwa mtindo wa Kikongo, mi-composé: uzi wa nne, re, umeondolewa, ukawekwa mwembamba unaolia oktavu moja juu.

Kwenye matatu ya kurudi Ruiru nikaliona kosa langu. Nilikuwa nagawanya namba ya sauti kwa 12 na kubaki na salio, kwa hiyo re ya chini na ya juu zikawa kitu kimoja. Jina la kodi sahihi, mlio siyo. Kwenye kodi ya do, freti ya 2 ya uzi huo hutoa mi ileile ya uzi wa kwanza ulio wazi!

Maoni yangu: watengenezaji, tuhifadhi namba kamili. Katika MIDI, re ya kawaida ni 50, ya mzee ni 62. Tusipofanya hivyo, vijana watafundishwa na simu kwamba gitaa la wazee limekosewa, kumbe tuliokosea ni sisi.

Au wewe wasemaje?