NFT: Umenunua Picha au Umenunua Risiti?

Jamani, tusidanganyane. Anayeanza kuulizia sanaa ya kripto huambiwa kwamba ukinunua NFT, picha ni yako. Si kweli. NFT ni alama iliyoandikwa kwenye daftari la mtandaoni liitwalo blokucheini. Unachomiliki ni hiyo alama. Picha yenyewe mara nyingi imehifadhiwa kwingine, yeyote anaweza kuinakili, na hakimiliki hubaki kwa msanii isipokuwa mkataba useme vinginevyo.

Machi 2021 Christie's waliuza kazi ya Beeple kwa zaidi ya dola milioni 69, dunia ikapagawa. Mwezi huohuo twiti ya kwanza ya Jack Dorsey ikauzwa dola milioni 2.9. Aprili 2022 aliyeinunua akaitangaza kwa dola milioni 48. Mnada ulipofungwa, dau la juu halikufika hata dola 300!

Na wasanii je? Waliahidiwa asilimia yao kila kazi inapouzwa tena. Agosti 2023 soko la OpenSea likatangaza kwamba malipo hayo yatakuwa hiari. Hiari! Huo ndio ukombozi wa msanii?

Unataka kumsaidia msanii? Nunua mchoro wake. Unataka kamari? Cheza, ila usiiite sanaa.

Nawasilisha.