Saa Zenye Majina na Askari Wasio na Majina

Huko Marekani iko biashara ambayo yatupasa sisi watu wa visiwa tuitazame kwa makini. Wauzaji wa saa huwatengenezea askari wastaafu saa za mkono za ukumbusho. Usoni hutiwa nembo ya jeshi alilolitumikia mtu, liwe la nchi kavu, la majini au la angani, na mgongoni huchorwa jina lake. Mara nyingi mnunuzi ni mke au mtoto, naye mzee huivaa kwa fahari. Fahari hiyo hatuicheki. Mtu aliyeutoa ujana wake vitani anastahiki kuliona jina lake limeandikwa mahali lisipofutika kwa urahisi. Tena saa ya mkono ina nasaba na uaskari, kwani ilienea khasa katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918, pale mashambulio yalipopangwa kwa dakika na askari hana mkono wa kutafutia saa mfukoni.

Tunalouliza ni hili: nani analipa? Katika vita vya pili Serikali ya Uingereza iliwagawia baadhi ya askari wake saa zilizopigwa chapa ya mshale mgongoni, alama ya mali ya serikali. Basi saa ya kupigania ilikuwa ya serikali, na saa ya kushukuriwa ainunue mwenyewe! Aliye na mtoto mwenye kazi atakumbukwa. Na asiye na mtoto je?

Ama kwetu jambo hili ni zito zaidi. Wazee wetu wa vita vya kwanza, hasa wapagazi, hawakuandikiwa majina hata juu ya kibao. Wanahistoria wanakisia kuwa wapagazi 95,000 au zaidi walikufa upande wa Waingereza katika Afrika ya Mashariki, na wengi waliuawa na maradhi na njaa, si risasi. Unguja na Pemba nazo zilitoa watu wao. Jina la kikosi chao limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam, watu wakiendea samaki na nguo bila kujua wanatamka nini. Pale pale mjini yupo Askari wa shaba aliyesimamishwa mwaka 1927, bunduki mkononi, na maandishi ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Lugha tatu, wala hapana jina hata moja la aliyekufa.

Na asituambie mtu kuwa haikuwezekana. Vita vya pili vilipokwisha, majina ya askari wa Afrika ya Mashariki yaliandikwa katika ukumbusho wa Nairobi, wakiwamo waliozama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944. Na hapa mbele ya mji wetu, kisiwani Chapwani, wamezikwa kwa heshima mabaharia wa Kiingereza wa manowari Pegasus, iliyopigwa na Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914. Kaburi lao hatulionei choyo. Tunasema tu kwamba bahari ile ile iliwavusha wapagazi wetu kwenda bara, na wengi wao hawana kaburi linalojulikana.

Mwezi wa Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi Bungeni. Kabla ya hapo, mwaka 2018, serikali hiyo ilitangaza pauni milioni 12 ili askari wake wa zamani wa Jumuiya ya Madola waliofikwa na ufukara wapate milo miwili kwa siku. Milo miwili, baada ya miaka zaidi ya 70! Na mwaka 2019 zikatoka khabari za hati ya zamani iliyoonyesha kwamba katika kiinua mgongo cha vita vya pili mzungu alipewa hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile.

Radhi tumeisikia. Sasa tunataka orodha, na gharama yake ibebwe na waliowapeleka. Lakini orodha haitaandikwa London peke yake, kwa sababu majina mengine yamebaki vinywani mwa wazee wetu tu, nao kila mwaka wanapungua. Kwa hivyo Chama kinaomba kila tawi, Unguja na Pemba, lifungue daftari. Liandikwe jina la mtu, la babake, mtaa wake au shamba lake, vita alivyokwenda, na kama alirudi. Jina la nusu liandikwe pia. Asiyejua kuandika amwendee katibu wa tawi, hata ikiwa usiku, na akina mama waulizwe kwanza, maana wao ndio waliosubiri. Madaftari yafike afisini kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama.