CHUNGU CHA TAMAA



Wazazi mnaniuliza: "Pastor, hizi kadi za Yu-Gi-Oh! za Kijapani ni za kuzimu? Nizichome?" Mpendwa, weka kiberiti chini kwanza. Leo kadi moja ikuhubirie wewe, si mtoto.

Inaitwa Pot of Greed, yaani Chungu cha Tamaa. Ina picha ya chungu cha kijani kinachokenua meno. Kazi yake ni moja tu: ukiicheza, unachukua kadi 2 kutoka kwenye fungu lako. Hulipi chochote. Umetoa 1, umepata 2.

Utasema hiyo ni baraka. Lakini Konami, kampuni iliyoanza kuuza mchezo huo Japani mwaka 1999, iliipiga marufuku kwenye mashindano ya kawaida tangu 2005. Kwa nini? Kwa sababu kitu kinachotoa bila kudai kinaharibu mchezo wote. Kila mtu ataiweka kwenye fungu lake bila kufikiri, na atakayebahatika kuishika kwanza atamtangulia mwenzake bila kumzidi akili.

Baadaye wakatoa chungu kingine, Pot of Desires. Hicho nacho kinakupa kadi 2, lakini kwanza unaondoa kadi 10 za juu kwenye fungu lako, zikiwa zimefunikwa. Unaziondoa kabla ya kujua ni zipi! Na fungu lenyewe huenda lina kadi 40 tu.

Mpendwa, si hivyo ndivyo kubeti kulivyo? Unashangilia 200 uliyoshinda, kumbe zilizoondoka zimefunikwa: karo ya mtoto, pesa ya chama, imani ya mke wako. Unaogopa chungu kilichochorwa kwenye karatasi, huogopi chungu kilicho ndani ya simu yako!

Na wewe mhubiri mwenzangu unayewaambia watu watume 1,000 wapokee 10,000 kabla ya Ijumaa, acha! Watengenezaji wa mchezo wa watoto walikataa kitu cha bure kinachoharibu, na wewe unakiuza madhabahuni kwa mama mboga?

Utaniambia, "Pastor, hata neema ni ya bure." Ni bure kwako, mpendwa. Pale Kalvari kuna aliyelipa, tena kwa damu. Hakuna kilicho chema ambacho hakikumgharimu mtu.

Soma Mithali 13:11, uone mali ya haraka inaishia wapi na mali ya kukusanya kidogo kidogo inaenda wapi.

Leo jioni keti na mtoto wako, akuonyeshe kadi zake na kila moja inafanya nini. Kisha fungua simu yako, uangalie pesa za mwezi huu zimeenda wapi. Ukishaona, ndipo uamue ni kipi cha kuchomwa.

Bwana, tuokoe na tamaa ya kuvuna shamba ambalo hatukulima. Kama umepokea, andika AMINA, na umtumie mmoja anayebeti kwa siri.