Njia ya Chakula Ndiyo Mwanzo wa Amani

Mtumishi wa serikali au mwalimu aliyepangiwa kazi wilayani Kyela huyaona malori yakivuka mto Songwe pale Kasumulu kuelekea Karonga. Ni vyema ikakumbukwa kwamba vita ndivyo vilivyoipa njia hiyo umuhimu mkubwa kwa Malawi.

Katika vita vya Msumbiji, vilivyodumu hadi mwaka 1992, kundi la Renamo, likisaidiwa na makaburu wa Afrika Kusini, lilizikata reli za Beira na Nacala ambazo Malawi ilizitegemea. Wakati huo huo Wamsumbiji wapatao milioni moja walikimbilia Malawi, nchi ambayo wenyeji wake hawakuzidi milioni 10.

Tanzania ilikuwa na sababu za kuinyima Malawi njia. Serikali ya Dakta Banda ilikuwa na ubalozi na makaburu, na tangu 1967 nchi hizo mbili zilivutana juu ya mpaka wa Ziwa Nyasa. Hata hivyo mizigo ya Malawi ilipita Dar es Salaam na Mbeya. Mpaka haukufungwa ili kumwadhibu jirani.

Majirani wengine nao walichagua kuzungumza. Tarehe 11 Septemba 1986, Machel, Kaunda na Mugabe walikwenda Blantyre kumkabili Banda ana kwa ana. Mwaka 1987 askari wa Malawi walikuwa wakiilinda reli ya Nacala. Aliyeshukiwa kumhifadhi adui akawa mlinzi.

Huko Roma, Chissano na Dhlakama walitia sahihi mkataba wa amani tarehe 4 Oktoba 1992. Lakini tangu Julai 16 pande zote mbili zilikuwa zimekubaliana kuruhusu misaada iwafikie wananchi. Njaa haingoji sahihi ya mwisho.

Fundisho hilo halijachakaa. Tarehe 8 Februari 2025, wakuu wa nchi za Afrika Mashariki na za SADC, wakikutana Dar es Salaam kuhusu mashariki ya Kongo, walitaka mapigano yasimame, na uwanja wa ndege wa Goma ufunguliwe. Maazimio ya namna hiyo hayana budi kupimwa kwa magunia yanayowafikia wenye njaa, wala si kwa uzuri wa maneno yake.